Gari la dakika halijirudishi

Ndugu zangu wakija kunitembelea Berlin hupenda sana haya magari ya kukodi kwa dakika. Unafungua programu kwenye simu, unaliona gari mtaa wa pili, unaliendesha, kisha unaliacha popote ndani ya eneo la huduma na kwenda zako. Swali hufuata hapo hapo: mbona kwetu hakuna? Kwetu kazi ya kupeleka chombo aliko abiria inafanyika pia, ila anayeigharamia ni mwingine.

Huku Berlin, asubuhi watu wa pembezoni huingia na magari hayo katikati ya mji. Walikotoka panabaki patupu, huku katikati yamerundikana. Kampuni hutuma wafanyakazi wakayahamishe, au hushusha bei ya gari lililokaa sana ili mteja alihamishe bila kujua kwamba kafanyishwa kazi.

Sasa ziwe kampuni tatu au nne. Mteja ana programu zote na hana mapenzi na yeyote. Anachukua lililo karibu. Basi kila kampuni inapeleka magari kule kule alikopeleka mshindani. Mshahara umelipwa, nishati imetumika, na kilichopatikana mara nyingi si safari mpya, ni mteja aliyenyakuliwa kwa jirani. Mtaa mmoja una magari sita ya kampuni tofauti, mwingine hauna hata moja. Na gharama hizo zote zimo kwenye bei ninayolipa.

Kwa hiyo sikushangaa kuungana kwao. Daimler, watengenezaji wa Mercedes, ilianza huduma ya car2go mjini Ulm mwaka 2008; BMW na Sixt, kampuni ya kukodisha magari, wakaja na DriveNow mjini Munich mwaka 2011. Mwaka 2019 huduma hizo mbili zikawa Share Now, ambayo baadaye iliuzwa kwa Stellantis, kampuni nyingine ya kutengeneza magari. Mwaka 2022 Miles, kampuni nyingine ya magari haya, nayo ikainunua WeShare, huduma kama hiyo ya Volkswagen. Sisemi sababu ilikuwa hiyo tu, lakini mwenye magari yote hana haja ya kujinyang'anya wateja mwenyewe. (Bei ikipanda baadaye, hilo nalo tulijue.)

Nyumbani bodaboda hasubiri makao makuu yampange. Anajua ofisi zinafungwa saa ngapi na mnada uko siku gani. Tena kijiwe kina zamu: abiria akifika, anayestahili kumbeba anajulikana, hawakimbizani wanane kwa mtu mmoja. Hilo kampuni za huku zimeshindwa kulipanga, na kwa kiasi fulani sheria za ushindani haziwaruhusu kukaa chini wagawane mitaa.

Lakini mafuta ya kurudi bila abiria ni ya dereva. Saa za kukaa kijiweni hazilipwi, na hesabu ya tajiri jioni haipungui kwa sababu siku ilikuwa mbaya. Nauli yetu ni nafuu kwa sehemu kwa sababu hiyo. Mimi ningechagua gharama iwe kwenye bei ya dakika: anayehamisha magari huku kwa ajira analipwa mshahara wake, gari lipate mteja au lisipate.