Afande, Nimeoga

Nasser Road hakuna usiku. Kuna mchana wa jua na mchana wa jenereta. Ukitia mguu tu pale, vijana wanakuvamia kabla hujafuta jasho: kadi? risiti? kalenda? mhuri? Ndiko Kampala nzima inakochapisha, kuanzia tangazo la msiba mpaka sura ya mheshimiwa, na ndiko ninakokula mkate wangu. Nachora mabango, kadi za harusi na vipeperushi kwenye kompyuta. Mimi naita usanii. Mama mkwe wangu anaita "ile kazi ya kukodolea kioo".

Basi zilikuwa siku za kampeni, Uganda inaelekea uchaguzi wa Januari 2026, na kila aliyewahi kupigiwa makofi mahali popote anataka sura yake ukutani. Nikifumbua macho naona manjano, nikifumba naona nyekundu. Mgombea mmoja alirudi mara sita nimpunguze mashavu. Mara ya saba akalalamika kwamba sasa hajifanani, watu wake hawatamjua, nimrudishie shavu moja. Asubuhi nakula kikomando, usiku nakula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, chakula cha mtu asiye na muda hata wa kuchagua chakula. Nalala juu ya meza, karatasi zimenigandia shavuni.

Mke wangu ni Mnubi wa Bombo, na Wanubi si watu wa kupiga kelele. Jumatatu alifunga mkoba, akasimama mlangoni, akasema, "Naenda kwa mama. Ukinikumbuka, piga simu."

Nikamjibu bila kugeuka, "Sawa, nitumie WhatsApp nitaliangalia."

Mlango ulifungwa taratibu mno. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo.

Sasa niwaambie siri yangu ya kazi, maana ndiyo iliyoniponza. Maneno ya mteja yakichelewa, wachoraji wenzangu hujaza Kilatini cha kubabaisha ili waone mistari inavyokaa. Mimi mtoto wa Tanga hujaza Kiswahili. Msinipigie makofi, si uzalendo. Ni kwamba Kampala wengi hawakisomi. Katiba imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likasema kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kwa Muganda wa makamo Kiswahili bado ni lugha ya mtu mwenye bunduki: ama askari anayekuambia "kuja hapa," ama mwizi anayekuambia "leta pesa." Akikiona kimeandikwa, anageuza macho. Kwa hiyo nafasi ile tupu ikawa shajara yangu. "Mteja huyu ni mbishi kuliko mbuzi wa Idi." Maneno halisi yakija nafuta, naweka ya kwake, tunaagana kwa heshima. Miaka tisa sijawahi kukamatwa.

Wiki ile ile mama mkwe akaniletea kazi. Jirani yake, Hajati mmoja, anamfanyia baba yake sherehe ya kutimiza miaka 70. Mzee ni askari mstaafu, na Bombo ni mji wa kambi, kwa hiyo ukisema "Afande" sokoni wanageuka watu kumi, lakini huyu ndiye wanayemaanisha. Bango futi 10 kwa 6, picha ya mzee na sare zake, jina juu, na chini yake mistari ya sifa ambayo Hajati angeniletea "sasa hivi". Sasa hivi ikawa Alhamisi. Kuamkia Ijumaa nikaijaza nafasi mwenyewe, herufi za mlazo, rangi ya dhahabu, kivuli chembamba nilichokihangaikia dakika 40.

Alfajiri zikaingia sauti za Hajati, rekodi tisa, moja ina jogoo. Nikaandika kila kitu: nishani, wajukuu, hija. Nikahifadhi. Halafu nikabeba kwenye flashi faili la jana.

Kijana wa mashine aliniuliza, "Ssebo, lipo sawa?" Nikamwambia lipo sawa, kichwa kiko mezani. Baadaye alijitetea kwamba na yeye alilisoma: aliona "mzee", akaona "mke", akaona "Bombo", akaridhika. Akalitoboa matundu, akalikunja, akalipandisha kwenye taksi.

Jumamosi nilifika Bombo nimechelewa. Mahema yamejaa, nikasukumiwa kiti cha plastiki nyuma kabisa, pembeni ya masufuria. Bango nililiona kwa mbali likimeremeta nyuma ya meza kuu, nikasema moyoni, dhahabu imekaa. Pilau inanukia, kivuli kizuri, mshereheshaji anachanganya Kiganda na Kiingereza. Nikaegemea nguzo ya hema. Nikazimika.

Kilichoniamsha ni sauti ya gwaride.

"Watoto wangu," Afande alikuwa anasema kwenye kipaza sauti, na sauti inatetemeka kidogo, "maisha yangu yote nimesema Kiswahili, na nyumbani mnanijibu Kiingereza. Leo mmeniandikia kwa lugha yangu! Nitasoma mwenyewe. Lete miwani."

Miwani ikaletwa. Hajati alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa sifa asiyoielewa.

"Hapa patakaa sifa za mzee," akasoma Afande, "Hajati akijaaliwa kuzileta."

Akatua. Watu wakapiga makofi, kwa adabu.

"Saa tisa usiku. Sijaoga tangu Jumanne."

Hapo ndipo nilipofumbua macho. Unajua kuna ndoto unamsikia mtu anasema mawazo yako? Niliona ni hiyo. Kule mbele Afande aliinamisha kichwa, akanusa kwapa lake la kulia, kisha la kushoto, akatangaza, "Mimi nimeoga." Akaendelea, maana askari haachi amri katikati.

"Mke kaenda Bombo kwa mama yake." Akamgeukia bibi kizee aliyekaa kando yake amevaa gomesi, lile gauni la Kiganda, la zambarau. "Huyu hapa! Amekwenda wapi?" Bibi akashika kifua, akaapa kwamba hajatoka nyumbani tangu Ramadhani.

"Akasema nikimkumbuka nipige simu, nimesahau, leo siku ya nne. Nikifa nizikeni na chaja yangu."

Kimya. Hata masufuria yalinyamaza. Halafu upande wa wanawake kikasikika kicheko kimoja ninachokijua vizuri sana, kicheko cha mtu anayejaribu kuweka chini sinia la sambusa kabla halijamwagika. Mama mkwe, aliyekaa safu ya pili, hakucheka. Alikuwa anageuza shingo polepole, anatafuta, mpaka macho yake yakatua kwenye nguzo yangu.

"Nani ameandika hii?"

Usingizi ukiisha ghafla mwili hufanya mambo yake. Nilijikuta nimesimama wima, visigino pamoja. "Mimi, Afande!"

"Umeoga?"

"Nimeoga, Afande!"

"Lini?"

Hapo nilichelewa kujibu, na kuchelewa kwangu kukawa jibu. Yule mama aliyekaa jirani yangu alisogeza kiti.

Afande akashuka jukwaani na kipaza sauti chake, akanijia hadi nyuma. Akanitazama macho, akanivuta kope la chini kama mtu anayenunua mbuzi. "Jeshini kuna zamu," akasema. "Huyu analala, yule analinda. Wewe usiku kucha unalinda nini?"

"Bango, Afande."

"Lete simu."

Nikatoa. Akaitia mfuko wa shati, akaamuru nipewe maji ya moto, ndoo mbili, na kitanda. Mbele ya wageni wote nilisindikizwa bafuni na wajukuu wawili kama mfungwa. Hajati alinipita akaniambia jambo moja kwa Kinubi. Sikulielewa, na mke wangu mpaka leo hakubali kunitafsiria.

Nililala saa tisa alasiri. Niliamka Jumapili saa nne asubuhi, mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda anakula keki ya watu. "Ulinikumbuka?" akauliza. Nikamwambia nimemwota. "Ulikuwa unakoroma," akasema, lakini alinikatia kipande.

Nje, Afande alikuwa chini ya mwembe na simu yangu mkononi, miwani puani. Alikuwa zamu tangu jana. Kumbe kila aliyepiga alimpokea yeye, kwa Kiswahili kile kile wanachokiogopa: "Fundi amelala. Piga Jumatatu. Wewe nani?" Mgombea wa shavu alipiga saa tano usiku. Afande akamwambia fundi amelala, kisha akamhoji kwa nini yeye mwenyewe hajalala. Nasikia alijieleza dakika kumi nzima.

Bango sahihi nililichapisha kwa hela yangu, nikalipeleka mwenyewe, nikaomba radhi kwa magoti. Afande akalisifu sana, akafunikia banda la kuku. Lile la kwanza liko sebuleni kwake na halitoki. Kila mgeni akija anasomewa, na akifika penye Jumanne anampa nafasi acheke.

Siku hizi nafunga duka saa kumi na mbili. Wateja wakipiga usiku huuliza kwanza, kwa sauti ya chini, "Ssebo, yule afande yupo hapo?"

Nami, Mungu anisamehe, huwaambia yupo.