Hesabu ya Waliobaki

Mkenya ana majina mawili ya kule wanakokwenda vijana. Moja ni ughaibuni, neno lililotokana na ghaibu, hali ya mtu kutokuwepo. Jingine ni majuu. La kwanza linamtazama msafiri kwa macho ya wale aliowaacha nyumbani. La pili linampandisha, na kimyakimya linamweka chini kila aliyebaki. Serikali ilipoanzisha mpango wa kuwatafutia vijana ajira nje ya nchi iliuita Kazi Majuu, na sidhani kama kuna aliyelipima jina hilo mara mbili.

Mjadala wenyewe hufuata mkondo uleule. Anayeondoka huonekana kuwa na nia na mipango, ilhali anayebaki hudhaniwa kuwa alinyimwa viza, au hakupata nauli, au bado anasubiri binamu amvute. Ni nadra mtu kuulizwa kwa nini alibaki kwa namna ya kutaka kujua jibu.

Kwa wauguzi jambo hili linaonekana waziwazi. Wodi za hospitali za umma zina upungufu wa wauguzi, na papo hapo wauguzi wenye vyeti wapo mitaani bila ajira. Si fumbo. Tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, wauguzi wengi huajiriwa na serikali za kaunti, na kanuni za fedha za umma haziruhusu kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Kaunti nyingi zimeshauvuka mpaka huo, kwa hiyo mgonjwa anasubiri kitandani na muuguzi anasubiri tangazo la nafasi.

Mpwa wangu alisubiri miaka miwili. Sasa yumo kwenye mkataba wa muda katika zahanati moja ya Pwani, na huamka saa kumi alfajiri ili asome Kijerumani kabla watoto hawajaamka, maana muuguzi wa kigeni akitaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani hudaiwa, kwa kawaida, lugha ya daraja la B2, la nne kati ya sita. Saa mbili asubuhi yuko kazini, anafungua jokofu la chanjo, anasoma kipimajoto na kuandika nyuzi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Chini ya mbili au juu ya nane, dawa inaweza kuharibika. Kisha analifunua daftari la watoto kutafuta waliopata dozi ya kwanza ya surua wakiwa na miezi tisa na hawakurudi kwa ya pili. Siku niliyomtembelea alikuta jina moja, akatabasamu. Mama wa mtoto huyo, aliniambia, amemfuata mumewe dagoni, kambi ya muda ya wavuvi, na mwezi ukichakaa wavuvi watahama, hivyo ujumbe lazima umfikie kabla ya Ijumaa. Maarifa hayo hayapo katika mtaala wowote, na hayatumwi kwa simu kutoka Frankfurt.

Ninasema hivyo nikijua kwamba wanaotetea kuondoka wana takwimu nzito, ambayo nimeigeuzageuza kwa miezi kadhaa. Mwaka 2024, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Hakuna zao tunalouza nje, iwe chai au maua, linaloingiza kiasi hicho. Fedha hizo zimejenga nyumba, zimesomesha, zimezika watu kwa heshima. Mtu anayezibeza hajawahi kungojea ujumbe wa M-Pesa nje ya dirisha la malipo la hospitali.

Hata hivyo tarakimu hiyo inatuambia kilichoingia tu. Tukiifuata hadi nyumbani, tunaikuta ikilipia chakula, karo na matibabu, na mara nyingi karo hiyo ni ya shule ya binafsi kwa sababu darasa la umma limefurika, na matibabu hayo ni ya hospitali ya binafsi kwa sababu ile ya umma ina muuguzi mmoja usiku kucha. Familia inajinunulia njia ya kuikwepa huduma mbovu. Siilaumu, nami ningefanya vivyo hivyo. Lakini kila familia inayofaulu kuikwepa ni sauti moja imepungua miongoni mwa wanaoidai itengenezwe, na jirani asiye na mtoto nje anabaki kwenye foleni ileile, safari hii akiwa na watetezi wachache zaidi. Serikali nayo, inapopata dola kwa kijana anayeondoka na kupata madai ya mishahara kwa kijana anayebaki, haina haraka ya kuongeza nafasi. Ndiyo maana kusafirisha vijana, jambo lililokuwa juhudi ya mtu na ukoo wake, limegeuka sera ya kujivunia. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, zilienea habari za nafasi 250,000 kwa Wakenya, mpaka wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba haukutaja idadi yoyote. Wapo walioisikia habari ya kwanza na hawakuisikia ya pili.

Hoja inayonikosesha usingizi haihusu fedha. Juni 2024 vijana walibaki kwa maana kamili ya neno hilo. Waliusoma Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake rais alikataa kuutia saini mswada. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya msimu ule. Ukimwambia kijana abaki aijenge nchi yake, hilo nalo ni sehemu ya bei unayomtajia, na mzazi anayeuza shamba ili mwanawe apande ndege hana haja ya kuelezwa uzalendo na mtu yeyote. Anayeita kuondoka usaliti hajafikiri vya kutosha.

Ila ushahidi wa kwamba kubaki kunazaa nao upo, tena wa karibu. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari wanagenzi ambao serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 badala ya 206,000 za makubaliano ya mwaka 2017. Wagonjwa waliumia katika siku hizo, na hilo halifutiki. Desemba serikali ilikubali kulipa 206,000. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020, wakati wa Uviko, walipiga kambi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Lau wangekwisha kuondoka, nani angelala pale barazani?

Mara nyingi hutajwa mwanamazingira Wangari Maathai, aliyekwenda Marekani mwaka 1960 katika ile safari ya wanafunzi iliyoratibiwa na Tom Mboya, kuthibitisha kwamba anayeondoka hurudi na hazina. Ni kweli alirudi, mwaka 1966. Kinachosahaulika ni kwamba alipofika chuoni Nairobi alikuta kazi aliyoahidiwa amepewa mtu mwingine, na hakukata tamaa. Mti wa kwanza wa Green Belt, vuguvugu lake la kupanda miti, ulikuwa bado miaka kumi na moja mbele, na jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, alilolipinga mwaka 1989, lilikuwa mbali zaidi. Kuondoka kulimpa shahada. Mapambano yale aliyafanya akiwa hapa, mara nyingine akipigwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayeondoka. Ugomvi wangu ni na hesabu inayotangazwa nusu. Benki Kuu hutoa kila mwezi kiasi kilichotumwa, na magazeti hukichapisha kwa herufi kubwa. Sijaona kaunti itangazayo kila mwezi idadi ya nafasi za wauguzi zilizo wazi, zilizojazwa, na mikataba iliyokaribia kwisha. Wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000, walikabidhiwa mabegi ya vifaa mwaka 2023 na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Anayebisha hodi nyumba kwa nyumba kwa posho hiyo hana safu katika jedwali lolote la fedha za kigeni.

Mpwa wangu ameshalipa ada ya mtihani wa B2, utakaofanyika mwezi ujao. Wiki ileile aliyolipa, kaunti imetangaza nafasi tatu za kudumu, na fomu yake ameijaza pia. Yule mtoto wa dagoni aliletwa Alhamisi jioni, zahanati ikikaribia kufungwa, akiwa amebebwa na mjomba aliyenuka samaki.