Shilingi Moja ya Korosho kwa Ngoma za Watoto

Wiki ya kuelekea UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, mwalimu wa michezo wa shule yetu hapa Mtwara alinituma kwa mzee mmoja mwenye kikundi cha ngoma, nikamwombee zana za watoto. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, na yule mzee huniita mjukuu, basi ikadhaniwa kwangu hatakataa. Hakukataa. Alitoa ngoma tatu, moja ndefu na mbili ndogo zile zenye mguu wa kuchomeka mchangani, akasema: "Mjukuu wangu, Jumamosi nina unyago Naliendele. Ijumaa kabla ya magharibi ziwe zimerudi."

Watoto walikaa nazo siku tatu, na siku ya kwanza karibu yote iliishia motoni. Unyevu wa pwani ulikuwa umelegeza ngozi, kwa hiyo mwalimu akawasha makuti makavu na wavulana wawili wakawa wanazigeuzageuza. Mwalimu alipoona inatosha akasema haya, pigeni. Mmoja wao, wa darasa la tano, akagonga kwa kidole, akainamisha sikio. "Bado, mwalimu." Akairudisha motoni, akageuza kidogo, akagonga tena, na sote tuliokuwa pale tukasikia sauti imepanda. Sijui nani alimfundisha.

Ijumaa nilizirudisha kwa bodaboda. Yule mtoto akarudi kwenye dumu la lita ishirini. Shuleni kwetu chombo cha kupigwa ni ringi ya lori iliyotundikwa mwembeni, na hiyo ni kengele.

Kitabu cha Sanaa na Michezo kipo, na muziki umo ndani. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeifanya Sanaa na Michezo kuwa somo. Kamati nasi tukaamini mambo yameiva, tukaandika kwenye mpango wetu: ngoma tatu, kayamba, na nauli ya fundi wa kuja kufundisha mara mbili kwa mwezi. Kama laki tano hivi. Mpango ulipanda ngazi, uliporudi mstari ule haupo. Nilipouliza nikajibiwa matundu ya vyoo kwanza.

Vyoo sibishani navyo, binti yangu anasoma pale. Ila kila mwaka kuna cha kwanza, na muziki haujawahi kufika hata wa tano. Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima. Ukitoa vitabu, chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika, hiyo ngoma utainunua na nini?

Wengine wananiambia watoto wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao ngoma wanazo nyumbani, serikali iwanunulie ya nini. Jandoni mtoto anakaa wiki chache, na mengi ya kule si ya kuandika hapa. Madrasani Mikindani kuna dufu, parokiani kuna kinanda, na nawashukuru wote. Lakini mtoto asiyepita huko kwote, au anayepita na kuambiwa kinanda si cha kuchezewa, anabaki na shule ya serikali. Mwaka 2019 na 2021 Mtwara ilipokea watoto wa nchi nzima kwa UMITASHUMTA, wakaimba na kucheza ngoma mbele yetu. Tulikuwa wenyeji wazuri wa ngoma za wenzetu.

Sasa hoja yangu. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa korosho ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3, maana yake kilo moja ya bei ile inaacha kama shilingi 120. Naomba shilingi moja kati ya hizo 120. Sisemi mkulima akatwe zaidi, makato anayo hadi yamemchosha. Nasema hii ambayo tayari imekatwa. Chama cha msingi cha ushirika cha wakulima kikipeleka ghalani tani 500 kwa msimu, shilingi moja kwa kilo ni 500,000. Ndiyo ile laki tano yetu iliyofutwa, imetoka kwenye chama kimoja tu.

Na iandikwe kwa jina lake, kifungu cha muziki wa watoto. Ikiandikwa "michezo na utamaduni" itakuwa mipira na jezi, hilo tumeshaliona.

Bajeti mpya inaanza Julai, lakini maamuzi yanafanyika miezi kabla, kwenye vikao vya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wengi hatuendi kwa sababu ndio wakati tuko shambani au tunasubiri malipo ya mnada. Kikao chetu ni Alhamisi saa nne. Diwani ameshajua nakuja, na nimemwomba mzee naye aje. Amekubali, ila ameuliza kama shule itamlipa zile ngozi mbili zilizopasuka.