Zamu ya Kuzomewa Haikupiti

Jamani, kuzomea kuna raha yake, ila si kwa anayezomewa. Na kwa mji huu wa Dar, zamu yako itafika tu.

Mtu mmoja hawezi kuzomea. Kaa barazani peke yako upige "uuuuu", uone kama majirani hawatamwita shemeji yako aje akuangalie. Peke yako unaweza kuguna, kama mke wangu nikimwachia hela ya mboga. Unaweza kusonya, kama mama mkwe akisikia hela yenyewe ni kiasi gani. Kuzomea kunataka watu, na watu wakishajaa, nani aulize sababu?

Kariakoo, mtu akipiga "huyooo!" pale Mtaa wa Kongo, sauti inapokelewa meza kwa meza, na wa mwisho hajui huyo ni nani. Juzi huyo nilikuwa mimi. Ndala ilikatika, nikaishika mkononi nikakimbilia daladala. Kukimbia na kitu mkononi, Kariakoo! Muuza soksi akaanzisha, wenzake wakaitikia, mama mmoja mwenye beseni kichwani akazomea bila kugeuka, lisije likamwanguka. Nikaruka ndani ya gari, abiria nao wakaendeleza. Konda tu ndiye hakuzomea. Alikuwa anadai nauli.

Mpirani angalau kuna utaratibu. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000, na Simba ikicheza na timu ya Misri, utamkuta mtu wa Yanga kalipa kiingilio, kavaa jezi ya wageni ambao hata majina hawezi kuyatamka, kaja kumzomea shemeji yake wa upande wa pili. Yanga nao wakileta wageni, shemeji anarudisha deni. Hela ya kiingilio haikosekani. Mwenye nyumba ndiye husubiri.

Vya kuzomewa kweli tunaviacha. Umeme ukikatika, mtaa mzima "aaaah!" mara moja, basi. Ukirudi saa nne usiku watoto wanashangilia utadhani tumefunga goli, na mimi mtu mzima najikuta nimepiga makofi. Mafuta ya kula yakipanda bei tunaguna tu pale dukani, tena chinichini. Nani atamzomea Mangi, na daftari la madeni analo yeye?