Tunawawahisha watoto kwenda wapi?

Ndugu na marafiki walioko Tanzania wakisikia kwamba kazi yangu hapa Finland ni kwenye kituo cha watoto wadogo, swali la kwanza huwa lile lile: watoto wa huko wanaanza kusoma wakiwa na umri gani? Nikiwajibu kwamba darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, na kwamba kabla ya hapo hakuna anayemdai kusoma wala kuandika, linafuata la pili: sasa kutwa nzima wanafanya nini?

Wanacheza. Wanacheza mbele ya watu waliosomea kazi hiyo, mwalimu akiwa na shahada, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na kodi. Familia yenye kipato kidogo hailipi kitu. Wengi wakisikia hivyo huona ni anasa ya nchi tajiri, mazungumzo yanaishia hapo. Lakini kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa darasa la awali kwenye shule ya msingi ya serikali, na kadiri ninavyozidi kukaa huku ndivyo ninavyoamini kwamba nyumbani tunapima kitu kisichohusika. Tunaulizana mtoto ameshajua herufi ngapi, sare yake ikoje, Kiingereza ameanza lini. Hatuulizani mtoto huyo amezungumzishwa na mtu mzima kwa dakika ngapi tangu asubuhi.

Nieleze jambo moja ninaloliona kila siku wakati wa baridi. Watoto hapa hutoka nje kucheza hata kukiwa na theluji, kwa hiyo kabla ya kutoka kuna kazi ya kuvaa. Mtoto wa miaka 3 anakaa sakafuni, mbele yake kuna soksi za sufu, suruali nzito, buti, koti, kofia na glavu. Mwalimu anachuchumaa pembeni na kumuuliza: kipi kinatangulia? Mtoto anaanza na buti. Anachukua suruali, mguu haupiti. Anaitazama, anamtazama mwalimu, mwalimu anasubiri. Anavua buti. Anaanza upya, sasa suruali kwanza. Akifika kwenye glavu anakwama kwenye kidole gumba, anaomba msaada kwa maneno, anasaidiwa hicho kidole tu. Kwa mtu anayepita hapo ni kupoteza muda. Kwa aliyesomea malezi, mtoto amepanga mambo kwa mfuatano, ametambua kosa na kulirekebisha mwenyewe, amemudu hasira yake, na ametafuta maneno ya kueleza shida yake. Hayo ndiyo atakayoyahitaji siku atakapopewa hesabu ya kutoa kwa kukopa.

Uvumilivu wa mwalimu yule hautokani na tabia za Wafini. Unatokana na sheria. Kwa watoto waliotimiza miaka 3 wanaoshinda kituoni kutwa, mtu mzima mmoja aliyesomea anahesabiwa watoto 7. Kwa walio chini ya umri huo anahesabiwa 4. Mwenye watoto 7 anaweza kumsubiri mmoja avae. Mimi nilikuwa na zaidi ya 100 peke yangu, na ukiwa na 100 huwezi kumsubiri yeyote. Unachoweza ni kuwaimbisha irabu kwa sauti moja, kuandika ubaoni wakanakili, na kuwanyamazisha. Mtoto mkimya anayekaa nyuma anaweza kumaliza muhula bila mwalimu kusikia sauti yake. Kuna walimu wengi wa awali nyumbani ambao wakisoma hapa wataona nimewaandika wao, maana darasa la namna hiyo si la shule moja.

Tena kwenye karatasi tumeandika vizuri. Mwongozo wetu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulisema wazi kwamba mtoto ajifunze kwa michezo na kwa vitendo, darasa liwe na kona za kujifunzia. Sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ada na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016 wazazi waliitikia kwa wingi, kama ilivyotarajiwa. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ninaiunga mkono hatua ile kwa moyo wote, kwa sababu iliwaingiza darasani watoto ambao wasingeingia. Ila kumwandikisha mtoto ni jambo moja, na kumfundisha ni jambo jingine kabisa.

Kwenye shule za kulipia tatizo lina sura nyingine. Huko darasa lina watoto 20 au 30, jambo zuri sana, halafu nafasi hiyo inatumika kumkimbiza mtoto. Wa miaka 3 anafanyiwa usaili kabla ya kupokelewa. Wa miaka 4 anarudi na homuweki. Basi linampitia giza halijaisha, anasinzia njiani, na mwisho wa mwaka anavalishwa joho la mahafali. Mzazi anayelipia haya yote anampenda mwanawe na anaogopa asiachwe nyuma. Hofu hiyo ninaielewa. Ninachomwomba atazame ni kwamba watoto wa Finland, walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 7, walishika nafasi za juu kabisa kwenye mitihani ya kimataifa ya PISA ya 2000 na iliyofuata wakiwa na miaka 15. Alama zao zimeshuka tangu 2006, na mjadala wa sababu zake ni mkubwa hapa, lakini sijasikia mwalimu hata mmoja kazini kwetu akisema dawa ni kuwawahisha watoto wa miaka 4.

Suala la lugha linaniumiza kuliko yote. Hapa walimu humwambia mzazi mhamiaji: nyumbani ongea na mtoto lugha yako, Kifini tutamfundisha sisi. Wanasema hivyo kwa kuwa mtoto hujifunza lugha ya pili kwa kuegemea ile ya kwanza. New Zealand walifika mbali zaidi. Mwaka 1982 jamii ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ilianzisha Kōhanga Reo, vituo ambavyo wazee waliwalea watoto wadogo kwa Kimaori ili lugha isife, na mwaka 1996 nchi ilipotoa mtaala wake wa kwanza wa elimu ya awali, Te Whāriki, ulikuwa wa lugha mbili. Sisi tuna Kiswahili kinachoongewa kuanzia sokoni hadi bungeni, halafu tunamlipia mtoto wa miaka 3 ili akatazwe kukiongea. Anakuwa na mengi ya kusema na hana ruhusa ya kuyasema. Mwalimu wake mara nyingi naye Kiingereza kinamkaba, kwa hiyo mazungumzo yote yanabaki kwenye kaa, simama, nyamaza, rangi na majina ya wanyama.

Sasa niijibu hoja ya pesa, maana ni ya haki. Finland ni tajiri, kweli. Jamaica je? Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa ya watu maskini ya Kingston. Kundi moja lilitembelewa na wahudumu wa afya wa jamii, saa moja kwa wiki, kwa miaka 2. Mhudumu alikaa na mama na mtoto, wakacheza, akamwonyesha mama namna ya kuzungumza na mtoto, kumpa majina ya vitu, kumsifia akijaribu. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Halikujengwa darasa wala kununuliwa kompyuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba miaka 20 baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakutembelewa. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza niliwaza lile darasa langu. Saa moja kwa wiki, mtu mzima na mtoto, ilifanya yote hayo.

Sisemi tuige Finland kila kitu. Huku watoto wamegawanywa kwa umri na wanakua na watu wachache mno. Mama aliyejifungua hushinda peke yake na mtoto miezi mingi, bila shangazi wala bibi wa kumpokea. Nyumbani mtoto wa miaka 3 anajifunza kutoka kwa wa miaka 7, na wa miaka 7 anajifunza kulea. Hilo ni darasa ambalo vituo vya huku vinalitafuta kwa mipango maalumu. Hata walimu wenye shahada hapa hawatoshi, na vituo vingi vinahangaika kuwapata. Haki ya kila mtoto aliye chini ya umri wa shule kupata nafasi kituoni ilikamilika mwaka 1996, wakati sheria ya malezi ya mchana ilikuwepo tangu 1973. Walichukua zaidi ya miaka 20 kufika hapo.

Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayounganisha afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji kwa watoto hadi miaka 8. Mwaka 2022 nchi zilizokutana Tashkent, Uzbekistan, zilikubaliana kulenga angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu iende elimu ya awali. Fedha hiyo ikipatikana, ningeomba isianzie kwenye majengo. Ianzie kwa mtu mzima wa pili katika kila darasa la awali, halafu wa tatu.

Watu hao wapo. Mfano wa kuwapata umo humu humu Afrika Mashariki: programu ya Madrasa iliyoanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda. Walichukua wanawake wa mitaa ile ile, wengi hawajawahi kuwa walimu, wakawafunza wakiwa kazini na kuwatembelea darasani mara kwa mara kuwarekebisha. Vifaa vyao vilikuwa makombe ya baharini, mbegu na vifuu, na walifundisha kwa lugha ya watoto wenyewe. Kila kijiji chetu kina vijana waliomaliza kidato cha nne ambao hawajapata kazi. Wafunzwe hivyo, walipwe posho inayoeleweka, wapangiwe mwalimu wa kuwasimamia, na kila mmoja apewe watoto 25 ambao atawajua kwa majina.