Usitaje bei kabla betri kubwa haijapimwa

Pale soko la samaki la Deep Sea, hakuna mtu wa Tanga anayeuliza bei ya changu kabla hajamfunua shavu. Samaki wa elfu chache tunamkagua hivyo. Gari la mamilioni tunazunguka mara mbili, tunasifia rangi, tunauliza kama ni namba D au E, kisha tunaanza kuvutana bei. Jambo hili linaniuma, maana nimeona ndugu wakiumia.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binamu yangu Makorora kuangalia Toyota Aqua, gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa. Njiani dalali alikwisha kumjaza maneno: injini haijaguswa, mafuta linanusa tu, wateja wengine wako njiani. Bei milioni 15 na nusu, maongezi yapo. Binamu akafungua mdomo ataje milioni 13. Nikamminya mkono. Angezitaja kwa kipimo gani?

Thamani ya haibridi iliyotumika imelala kwenye betri hiyo, ambayo kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Betri kubwa ya Aqua za toleo la kwanza ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 144. Ya Prius za miaka ya 2004 hadi 2015 ina vipande 28. Vimefuatana kama mnyororo, kimoja kikichoka vyote vinayumba. Kinachovichosha upesi ni joto, ndiyo maana kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kuvipooza. Kwa joto letu la Januari, feni hiyo ikiziba, betri inaungua polepole na mwenye gari hana habari.

Tulikwenda na fundi wetu. Hakuwasha mashine ya kupimia kwanza; alisema taa ya hitilafu mtu anaweza kuifuta asubuhi, mchana ukaona dashibodi safi. Akataka gari liendeshwe hadi Pongwe na kurudi. Dalali akanuna, mzee mwenye gari akatoa ufunguo. Tuliporudi, mashine ilionyesha volti za mafungu ya vipande vya betri zikiwa karibu sawa, isipokuwa fungu moja lililoshuka kila fundi alipokanyaga mafuta. Akafungua kifuniko cha tundu la hewa la kiti cha nyuma, akaingiza vidole, akatoa donge la vumbi na nyuzi za zulia, limeshikana kama sufi ya mto wa zamani.

"Wallahi mwanangu, sikujua kama humo kuna kitu," mzee akasema. Nilimwamini, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Ukishapata kasoro usimgeuze mzee wa watu kuwa mwizi, ukataja milioni 9 ili kumkomoa. Tulimwita aone skrini mwenyewe. Fundi akamweleza kwamba kubadilisha kipande kimoja hakutoshi, kwa sababu vilivyobaki vina umri uleule na vitafuata. Tukapiga hesabu ya matengenezo mbele yake, tukaitoa kwenye bei aliyotaja.

Lipo na jambo la matumizi. Haibridi hurudisha umeme kwenye betri unapofunga breki, kwa hiyo faida yake kubwa ni kwenye foleni na safari za simama-nenda. Tanga foleni ziko wapi? Anayebeba abiria Ngamiani kutwa nzima ana sababu ya kuongeza pesa juu ya gari la kawaida. Ambaye gari lake ni la kwenda Segera na Dar tu, asikubali kulipia sifa ya mafuta ambayo barabara kuu itampa kidogo.

Na muuzaji akikataa kipimo, muageni kwa heshima mwondoke, hata kama gari linang'aa. Sioni bei ya kuzungumza hapo.

Mzee alishuka hadi milioni 13 na laki 8. Tukaandikiana mbele ya shahidi, na kabla hatujaaga akamwomba fundi arudi Jumamosi, apime na gari la mwanawe.