Mchango wa huduma tunalipa, huduma iko wapi?

Mpangaji wa Unguja akishatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hana tena cha kumtishia mtu. Ndiyo desturi yetu: unamwona dalali, dalali anataka chake, mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Siku hizi kwenye majengo mapya ya fleti kumeongezeka na kitu kinaitwa mchango wa huduma, nao unalipwa mbele vilevile. Huo ndio unaotakiwa uendeshe lifti, pampu ya maji, taa za ngazi, mlinzi, usafi na kuzoa taka. Kodi ya mwenye nyumba sina ugomvi nayo; nyumba ni yake na bei tulikubaliana. Ugomvi wangu ni huu mchango, na ofisi inayoupokea.

Na asije mtu akasema Wazanzibari hawajui kukaa ghorofani. Wazee wetu waliingia Kikwajuni na Kilimani kwenye majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha ikaja Michenzani katika miaka ya 1970. Watu wamezaliwa mle, wameozwa mle, na majeneza yao yameteremshwa ngazi zilezile. Kilicho kipya ni haya majengo ya Mombasa ya hapahapa Unguja, Mbweni, Kiembesamaki hadi Fumba, ambako mwenye fleti mara nyingi yuko nje ya nchi, kaikabidhi kampuni ya usimamizi, na mpangaji kabakishiwa ofisi ya chini yenye meza, feni na kijana wa watu asiyeruhusiwa kuamua hata kununua balbu. Kijana huyo simlaumu. Analaumiwa kila asubuhi kwa mambo yasiyokuwa yake.

Nizungumzie pampu, maana hiyo ndiyo iliyotutesa khasa. Maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, mtaani kwetu hutoka usiku. Yanaingia tangi la chini, pampu inayapandisha tangi la juu ya paa, ndipo yanateremka kwenye mifereji ya ndani. Pampu ikifa, jengo zima limekauka. Yetu iliungua. Tukabeba madumu, ikanunuliwa nyengine, nayo haikudumu ikaungua. Safari hii nilishuka nikasimama na fundi wakati anaifungua. Akanionesha mpira wa ndani ulivyoyeyuka ukagandia chuma, akasema, "Hii imevuta upepo, mzee." Maana yake tangi la chini lilikwisha maji na pampu ikaendelea kuzunguka kavu, ilhali pampu ya namna ile hupozwa na maji hayohayo yanayopita ndani yake. Kinachozuia ni swichi ya boya: maji yakishuka, boya linashuka nayo, umeme unakata wenyewe. Bei yake ni ndogo sana ukiiweka karibu na bei ya pampu. Nikamuuliza kwa nini hakuitia mara ya kwanza. Akasema aliiandika kwenye orodha yake ya vifaa, ofisi ikaifuta ili gharama ipungue.

Kilichonikera ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyeulizwa. Ile pampu ya kwanza ni pesa yetu, ya pili ni pesa yetu, na boya lililofutwa lingenunuliwa kwa pesa yetu. Lau tungeoneshwa ile karatasi ya fundi, mtu yeyote pale, hata aliyekuwa hajui pampu ni nini, angeuliza swali moja tu na pampu ya pili ingekuwa hai mpaka leo.

Wakati huohuo lifti ilikuwa haifanyi kazi. Mlangoni pake palibandikwa karatasi ya "Lifti mbovu, tunaomba radhi kwa usumbufu", ikakaa mpaka wino ukafifia, ikaja kubandikwa mpya juu yake. Bi Mkubwa wa ghorofa ya tano, mgonjwa wa magoti, alikuwa anapandishiwa dumu lake na watoto wa jirani wakitoka skuli. Mwezi wa Ramadhani, magharibi imekaribia, mtu ana sufuria zake jikoni na maji ya udhu hana. Hali hii ukimweleza mtu wa ofisini anakujibu kwamba ombi limepelekwa juu. Juu wapi? Hakuna anayejua, na ukiuliza jina unaambiwa subiri.

Halafu kuna lile la Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Umeme wa pamoja, yaani wa pampu, ngazi na lifti, una mita yake, na mita hiyo hutiwa uniti kama ya nyumbani. Zikaisha Ijumaa usiku, ofisi imeshafungwa mpaka Jumatatu. Mlinzi alikuwa na nambari ya mita kwenye daftari lake, kwa hiyo tukachangishana pale pale kwenye ngazi na mmoja wetu akanunua kwa simu. Tokeni ikaja. Chumba cha mita kina kufuli, na ufunguo kaondoka nao msimamizi, simu yake haipokelewi. Tukalala giza na tokeni tunayo. Kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la jengo haiwezekani, kwa sababu limefungwa, wanaoandika ni ofisi peke yao. Sisi tunasoma tu, na tunachosoma zaidi ni tangazo la kulipa.

Shida yenyewe tungeivumilia. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa mwaka 2009 wanaikumbuka ile miezi takriban mitatu bila umeme, baada ya hitilafu ya waya wa chini ya bahari unaotoka bara. Maji nayo yalisumbua, kwa kuwa visima vyenyewe vinaendeshwa kwa pampu za umeme. Watu walivumilia kwa sababu walijua kimeharibika nini na kiko wapi. Mimi nikiambiwa ukweli kwamba kifaa kimeagizwa na kitachukua wiki mbili, nitapanga maisha yangu. Nitanunua pipa. Kinachoniumiza ni kukaa bila kujua, huku nikiwa nimeshalipa.

Najua ofisi nayo ina mzigo wake. Chumvi ya bahari inakula kila chuma tunachokitia juu ya paa, na kuna wapangaji na wenye fleti wasiolipa mchango. Basi hesabu ziwekwe wazi tulione pengo liko wapi. Likifichwa, anayelipa na asiyelipa wote wanakosa maji sawasawa, na mwishowe anayelipa naye anaacha.

Sheria ya Kondominio, yaani ya majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe, tunayo tangu 2010, lakini hiyo inamhusu zaidi anayemiliki fleti. Mpangaji kinachomlinda ni mkataba wake, na mikataba yetu mingi ina kurasa za wajibu wa mpangaji na mstari mmoja wa wajibu wa ofisi. Kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, nimekwenda, akanipokea vizuri na akanisikiliza. Akaniuliza mkataba unasemaje kuhusu maji. Hausemi kitu.

Kwa hiyo ninachotaka ni kwamba mchango wa huduma utenganishwe na kodi. Kodi ilipwe miezi sita kama ilivyozoeleka, lakini mchango ulipwe mwezi kwa mwezi, mwisho wa mwezi, baada ya karatasi ya mapato na matumizi kubandikwa pale pale kwenye mlango wa lifti. Wapangaji wachague wenzao wawili wa kuiona orodha ya fundi kabla haijafutwa kitu, na ufunguo mmoja wa chumba cha mita ukae kwa mlinzi. Hakuna hata moja hapo linalohitaji pesa mpya.

Mkataba wangu unakaribia kwisha na mpya nimeshaletewa. Sijausaini. Nimeandika haya kwa mkono pembezoni mwa ukurasa wa tatu na kuurudisha ofisini, na majirani kadhaa nao wamefanya hivyo kwenye ya kwao. Wakikubali, tutalipa siku hiyohiyo. Wakikataa, natafuta nyumba ya chini, Mpendae au Amani, yenye mfereji uani na mwenye nyumba ninayeweza kumgongea mlango.